Kwa nini wakubwa wa dunia hugeuka vichekesho wakifika ahera katika hadithi?

Fundi wa Visa (mleta mada)

Salaam kwenu. Ninaandika hadithi fupi ambayo wahusika wake wote ni marehemu waliovuma duniani, na kila ninapofika mahali pa kuchekesha najikuta nimerudi kwenye jambo lile lile, ndiyo maana nalileta hapa lipigwe mawe. Dai langu ni kwamba mtu mashuhuri hachekeshi ahera kwa sababu amekufa, bali kwa sababu amekataa kukubali kuwa cheo chake kimebaki juu ya ardhi.

Chukueni mazungumzo ya wafu yaliyoandikwa kwa Kigiriki na Lucian wa Samosata katika karne ya 2 BK. Humo Croesus, Midas na Sardanapalus, wafalme ambao duniani hawakujua mwisho wa dhahabu yao, wanakwenda kwa Pluto, mtawala wa kuzimu, kumshtaki maskini mmoja aitwaye Menippus. Kosa lake ni kwamba wao wakikaa kulilia mali zao, yeye hucheka. Na wakizidisha kilio, yeye huimba. Yaondoe malalamiko hayo, waache wafalme wale wakae kimya kwa adabu, na hutapata mstari hata mmoja wa kumfanya msomaji atabasamu. Anayeona vinginevyo aseme, ila aje na mfano.

Mwalimu Mstaafu

Umeanza vizuri, Fundi, lakini umeanza katikati ya safari. Zaidi ya miaka 500 kabla ya Lucian, yaani mwaka 405 KK, Aristophanes aliwachekesha watu wa Athens kwa tamthilia yake ya *Vyura*, nayo ikapata tuzo ya kwanza. Mungu Dionysus anashuka kuzimu kumrudisha Euripides, ambaye alikuwa amefariki muda mfupi kabla, kwa kuwa mji umebaki bila mtunzi wa maana wa tanzia. Njiani anakutana na maiti anayepelekwa kuzikwa, anamwomba ambebee mizigo. Maiti anataka drakma 2. Dionysus anasema atatoa oboli 9, ambazo ni drakma moja na nusu, na maiti anajibu kwamba kwa bei hiyo ni heri afufuke.

Maiti huyo hana jina, hana cheo, wala hadai heshima ya mtu. Anachekesha kwa sababu anapatana bei kama mchukuzi mwingine yeyote, na kwa sababu kwake yeye kuwa hai ndiyo laana. Kwa hiyo kanuni yako ni finyu mno. Kichekesho cha ahera ni cha mambo kupinduliwa juu chini, na cheo ni kimoja tu kati ya hayo yanayopinduliwa.

Kibatali

Shikamoo, Mwalimu. Naomba ufafanuzi kuhusu usafiri. Katika tamthilia hiyo Dionysus anatozwa oboli 2 ili Charon, mwenye mashua ya kuvushia wafu, amvushe, ilhali kwa Lucian anayevushwa anadaiwa oboli moja tu. Je, tuseme nauli ilishuka kwa nusu? Kama ni hivyo, ahera ina uongozi ambao dunia haijawahi kuuona.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nauli haikushuka, Kibatali. Kwa desturi ya Wagiriki maiti aliwekewa oboli moja kinywani, na Aristophanes ndiye aliyeipandisha ili watu wacheke. Lucian ameirudisha bei ya kawaida. Tena Menippus hakulipa hata hiyo moja: alimwambia Charon kwamba asiye na kitu hachukuliwi kitu, akavushwa bure huku mwenye mashua akilalama.

Wakili wa Marehemu

Ninyi mnatafuta falsafa mahali ambapo sababu ni nyepesi kabisa: marehemu hashtaki. Katika nchi zinazofuata sheria ya Uingereza, madai ya kuchafuliwa jina ni ya mtu binafsi, hayafunguliwi kwa niaba ya aliyekwisha kufa. Mwandishi anayetaka kuwacheka watawala wa zama zake bila kuitwa mahakamani huwavalisha sanda ya watawala wa zamani na kuwapeleka kuzimu, na msomaji mwerevu huelewa ni nani anayesemwa. Ahera katika hadithi hizi ni mahali salama pa mwandishi, si pa mhusika. Mengine yote ni mapambo.

Binti Shaha

Kaka Wakili, maelezo yako yanavunjwa na vitabu viwili vikubwa kuliko vyote katika fani hii.

Cha kwanza ni *Risalat al-Ghufran*, waraka ulioandikwa na Abu al-Ala al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Syria, mnamo mwaka 1033. Anayezunguka peponi na kuchungulia motoni humo ni Ibn al-Qarih, mtu aliyekuwa hai, na aliyekuwa amemwandikia al-Ma'arri barua. Yaani mwandishi amejibu barua kwa kumwua mwenye barua, kumpeleka kwenye hukumu, na kumtia aibu mlangoni. Shehe yule anachoka kusubiri siku ya kiyama, anatunga mashairi ya kumsifu Ridhwan, malaika wa mlango wa pepo, kama alivyozoea kuwasifu wakubwa wa duniani ili apate anachokitaka. Na Ridhwan hana habari hata ya kitu kinachoitwa shairi. Sijui kama kuna pigo kubwa kuliko hilo kwa malenga wa barazani kwa wakubwa.

Cha pili ni cha Dante, mshairi wa Italia. Katika sehemu ya Jehanamu anamkuta Branca Doria, na Dante mwenyewe anashangaa, kwa kuwa mtu huyo bado anakula, anakunywa na kuvaa nguo duniani. Anaelezwa kwamba roho ya msaliti wa namna ile huanguka motoni mara tu atendapo kosa, na mwili wake unabaki ukiendeshwa na shetani. Hapo marehemu angeweza kushtaki, tena akiwa na mwili wenye afya.

Wakili wa Marehemu

Nakushukuru kwa mifano, dada, lakini tazama hali ya waandishi wenyewe. Dante alikuwa uhamishoni tangu mwaka 1302, na Florence ilikuwa imemhukumu kuchomwa moto akikanyaga tena mjini. Mtu aliyekwisha kuahidiwa moto hatishwi na hati ya madai. Huyo ni wa kipekee, na kanuni hubaki kanuni.

Kasuku Mweusi

Hata hiyo kanuni si ya kila mahali. Ujerumani ina kifungu cha 189 katika sheria yake ya jinai kinachoadhibu kuitukana kumbukumbu ya marehemu. Nako California, matumizi ya kibiashara ya jina na sura ya mtu mashuhuri hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo chake, ingawa vitabu na tamthilia vimeachiwa uhuru mpana. Kwa hiyo kuna wafu wenye mawakili, tena wanaolipwa vizuri.

Maelezo yangu mimi ni mafupi, na huenda yakawaudhi waandishi waliomo humu: ni uvivu. Ukimwita mhusika wako Napoleon, huna haja ya kumjenga. Msomaji anakuja na kofia, kimo, vita na kisiwa kichwani mwake. Ukitaka ugomvi, unamweka karibu na adui yake Wellington, na kazi imekwisha.

Fundi wa Visa

Kasuku, jaribu kuandika kisha urudi utuambie kuhusu uvivu huo. Mhusika niliyemzua mwenyewe atasema lolote nitakalo. Socrates hawezi. Kila neno ninalomtia kinywani linapimwa na msomaji anayejua kwamba mtu huyu huuliza badala ya kujibu, na nikimfanya atoe hotuba ndefu ya uhakika, nimempoteza yeye na msomaji pamoja. Mtu mashuhuri anakupa mlango wa kuingilia tu. Ukishaingia, nyumba yote ni yake na wewe ni mpangaji.

Mpiga Chapa

Nimesoma nyote, na nashangaa hakuna aliyemtaja karani. Mimi naona kiini cha vichekesho hivi ni ofisi. Ahera ni mahali ambapo binadamu ametegemea haki kamili na utaratibu usio na dosari, na waandishi, wakijua tulivyo, wakaweka foleni, daftari lililopotea, mlinzi asiyeelewa unachosema na mlango usiokuhusu.

Angalieni hadithi ya Mark Twain kuhusu Nahodha Stormfield, iliyotoka katika jarida la Harper's mwishoni mwa 1907 na mwanzoni mwa 1908, kisha kama kitabu mwaka 1909. Nahodha anashindana mbio na nyota yenye mkia akiwa njiani kwenda mbinguni, anapotoka njia, anafikia lango lisilo lake. Karani anamwuliza anatoka wapi. Anataja mji wake, halafu nchi yake, halafu dunia yenyewe, na karani hajawahi kuisikia. Inabidi mtu apande kwa puto kuikagua ramani kubwa mno ya ulimwengu, na baada ya kuhangaika sana sayari yetu inaonekana: imeandikwa humo kwa jina la Chunjua. Hakuna mfalme yeyote aliyedai cheo katika tukio hilo, Fundi. Aliyedai ni binadamu wote kwa pamoja, nasi tukaambiwa hatumo kwenye orodha.

Na hata katika mfano wa Binti Shaha, sehemu inayochekesha kuliko zote ni kwamba shehe amepoteza hati yake ya toba katika msongamano. Kwa kweli nilipoisoma hapo nilicheka kwa sauti, kwa kuwa nimefanya kazi masjala na najua uso wa mtu aliyepoteza hati moja ambayo bila hiyo hatambuliki.

Mwalimu Mstaafu

Ofisi inaingia hata Roma. Baada ya mfalme Claudius kufa mwaka 54 BK, mwanafalsafa Seneca aliandika dhihaka ambamo miungu wanakaa kikao cha baraza kujadili kama apokelewe mbinguni. Augustus, babu wa ukoo mzima wa watawala, anasimama na kutoa hotuba ya kupinga. Claudius anateremshwa kuzimu, anahukumiwa kucheza dado milele kwa kikombe kilichotoboka kitako, na kabla hajazoea adhabu hiyo Caligula, mfalme aliyemtangulia, anajitokeza kudai kwamba ni mtumwa wake, na mwishowe aliyekuwa mfalme wa Roma anakabidhiwa kwa mtumwa aliyeachwa huru ili amsaidie kazi za ukarani mahakamani. Claudius alipenda sana kuamua kesi alipokuwa hai, kwa hiyo hapo cheo na ofisi vimekutana katika adhabu moja.

Bahari Shwari

Hamjambo. Ninafundisha utunzi, na huwapa wanafunzi zoezi la kuwakutanisha marehemu wawili ambao duniani hawakuishi zama moja. Ninachokiona karibu kila mara ni kwamba wanafunzi huanza kwa kubishanisha nani mkubwa kuliko mwenzake, na karibu kila mara hapo hapachekeshi. Panaanza kuchekesha wahusika wanapoacha kubishania ukubwa na kuanza kubishania jambo dogo: nani akae dirishani, nani alimaliza wino. Mwanafunzi mmoja aliwaandika Newton na Leibniz, waliogombana duniani juu ya nani aliyetangulia kuvumbua kalkulasi, wakiwa wamepewa meza moja ahera na kubishana kwa kurasa tatu nani aliyetangulia kuikalia.

Kwa hiyo mimi ninaweka maelezo mengine mezani: kinachochekesha ni makutano yasiyowezekana, kisha udogo wa jambo wanalokutania. Huyu Mmarekani John Kendrick Bangs alilielewa hilo vizuri katika kitabu chake cha 1895 kuhusu mashua yenye nyumba inayoelea katika Styx, mto wa kuzimu. Amewakusanya Shakespeare, Nuhu, Confucius, Nero, Napoleon na wengine wengi katika klabu, nao hawazungumzi juu ya siri ya uhai na mauti, bali yale ambayo wanaume wa klabu huzungumza baada ya kula. Charon anakasirika kuona chombo kipya katika mto wake, akidhani amepata mshindani, halafu anapewa kazi ya kukitunza. Fani nzima sasa hupewa jina la Bangs na Waingereza na Wamarekani, ingawa kama tulivyoona hapa, alichelewa kwa zaidi ya miaka 2,000.

Binti Shaha

Nami nitamwongezea Bangs deni lake. Klabu ile ni ya wanaume, na wanawake wanapoingia katika mashua mwishoni, wenye klabu wakiwa hawapo, Kapteni Kidd na maharamia wake wanaiteka na kuondoka nayo. Kleopatra, Malkia Elizabeth, Xanthippe mke wa Socrates, wote wamo. Kitabu cha pili, cha 1897, kinahusu wanaume wakiifuatilia mashua yao, na nasema mashua yao kwa makusudi, kwa sababu ukiwasoma vizuri utaona kuna wanachama ambao hawakupoteza usingizi kwa ajili ya wake zao. Mkitaka kujua nani asiyekuwa na cheo ahera katika fani hii, tazameni nani amepewa mistari michache.

Kibatali

Na anayewasaidia kuitafuta mashua hiyo ni Sherlock Holmes. Naomba nielezwe amefikaje ahera mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Bahari Shwari

Alifika kwa njia halali, Kibatali. Mwandishi wake, Conan Doyle, alimwua katika hadithi iliyotoka Desemba 1893, akamtupa katika maporomoko ya maji huko Uswisi, na Bangs alipoandika mwaka 1897 Holmes alikuwa bado marehemu. Alirudishwa duniani mwaka 1903 ikibainika kwamba hakufa kabisa.

Wakili wa Marehemu

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa alikuwa amesajiliwa ahera kimakosa. Mpiga Chapa, hiyo ni kesi ya ofisi yako.

Mpiga Chapa

Jalada lipo. Anayelihitaji alete barua.

Kasuku Mweusi

Mnacheka, lakini mmethibitisha hoja yangu. Ikiwa Holmes ambaye hakuwahi kuwapo anakaa meza moja na Nuhu na Napoleon, basi mwandishi hahitaji mtu wa kweli, anahitaji jina linalojulikana. Hadithi hizi haziwahusu wafu kabisa. Zinahusu umaarufu. Ndiyo maana huzeeka vibaya. Katika vitabu vile vya Bangs kuna majina ambayo wasomaji wa 1895 waliyacheka papo hapo na sisi leo tunalazimika kuyatafuta kwenye kamusi ya watu mashuhuri, na kichekesho kinachohitaji kamusi kimeshakufa na kuzikwa.

Fundi wa Visa

Hapo umegusa penyewe, na Twain amekujibu kabla hujauliza. Katika mbingu yake Shakespeare na Homer hawako mbele. Aliye mbele yao ni fundi cherehani wa Tennessee aitwaye Billings, aliyetunga mashairi ambayo hakuna mtu aliyekubali kuyachapa na ambayo majirani zake waliyacheka. Jemadari mkuu kuliko wote waliopata kutokea duniani ni mwashi mmoja aitwaye Absalom Jones, ambaye hakuwahi kupigana hata vita moja, kwa kuwa alipokwenda kuandikishwa jeshini alikataliwa kwa kukosa vidole gumba na meno mawili ya mbele. Alexander, Kaisari na Napoleon wanamfuata nyuma. Msomaji hahitaji kumjua Billings, anatakiwa asimjue. Nadhani hiki ndicho kichekesho bora kuliko vyote katika fani hii, tena kinauma, kwa sababu ukikifunga kitabu unaanza kuwafikiria watu unaowajua.

Mwalimu Mstaafu

Nacho kinalipinga dai lako la kwanza, kijana wangu. Napoleon wa Twain hadai kitu. Amekubali nafasi yake na anatembea nyuma ya mwashi kwa adabu.

Fundi wa Visa

Napoleon hadai, Mwalimu, ila msomaji anadai kwa niaba yake. Sisi ndio tunaoshtuka kumwona yuko nyuma. Cheo bado kipo, kimehamia kwetu.

Mwalimu Mstaafu

Huo ni ujanja wa wakili, na wakili tunaye mmoja tayari.

Nyota ya Jaha

Habari za humu. Nimewasoma tangu mwanzo bila kuchangia, nikisubiri mtu afike kwetu, na naona mmekaa Ugiriki na Marekani kwa starehe. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, aliandika kwa Kiingereza riwaya moja tu, mwaka 1971, nayo ni ya fani hii hii. Christopher Okigbo, mshairi wa Nigeria aliyeuawa mwaka 1967 akiwa mwanajeshi wa Biafra, anashtakiwa ahera kwa kosa la kuliweka kabila lake mbele ya ushairi wake. Ahera hiyo ni ya Waafrika, kuna mahakama, na anayemtetea ni Mkenya aitwaye Hamisi. Katika Kiswahili chenyewe, Kezilahabi katika *Nagona* anawaingiza wanafikra wa Ulaya waliokufa zamani katika ulimwengu wa ajabu ambao hujui kama ni wa walio hai au la.

Lakini kote huko hakuna anayecheka. Ni kazi nzito, zenye maswali mazito. Swali langu ni hili: kwa nini wenzetu hupeleka wakubwa wao ahera wakachekwe, nasi huwapeleka wakahukumiwe?

Bahari Shwari

Jawabu langu ni muda. Okigbo alikuwa amekufa miaka 4 tu kabla ya kitabu, na vita vilivyomwua vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja nyuma. Kidonda kibichi hakitekenywi. Mpe marehemu karne mbili na atachekesha.

Binti Shaha

Muda hauelezi, mwalimu wangu. Claudius alikuwa bado wa moto Seneca alipoanza kumcheka. Na ajabu zaidi, kwa mujibu wa mwanahistoria Tacitus, ni Seneca huyo huyo aliyemwandikia Nero, mrithi wa Claudius, hotuba ya kumsifu Claudius mazishini. Kalamu moja imemlilia marehemu hadharani na kumtia kikombe kilichotoboka pembeni. Kumbukeni pia kwamba Claudius ndiye aliyempeleka Seneca uhamishoni Corsica mwaka 41, akakaa huko hadi mwaka 49. Mimi naona kinachoamua si urefu wa muda bali anayeandika anamdai nini marehemu. Mazrui alimpenda Okigbo kama mshairi na akaumizwa na kifo chake. Alitaka jibu kutoka kwake. Seneca hakutaka jibu, alitaka kulipwa.

Nyota ya Jaha

Maelezo mazuri, lakini yakiwa kweli, basi ucheshi wote wa ahera ni kisasi, na al-Ma'arri hawadai kisasi washairi wa zamani anaowakuta motoni. Shehe wake anamkuta Imru' al-Qays katika adhabu na badala ya kumhurumia anamwuliza maswali ya sarufi na ya usahihi wa beti zake. Anamkuta Nabii Adamu na kumwuliza juu ya mashairi yanayosemekana aliyatunga, naye Adamu anakana kabisa. Hicho ni kicheko cha msomi anayejicheka yeye na wenzake.

Kasuku Mweusi

Au ni kicheko cha mtu asiyejua kubadilisha mada hata penye moto.

Fundi wa Visa

Nyota ya Jaha amenipa nilichokuwa nakitafuta, kwa hiyo nitawaeleza hadithi yenyewe ninayoiandika. Wahusika wangu ni Burton na Speke, wavumbuzi wawili wa Kiingereza. Mnajua kwamba walisafiri pamoja kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, wakafika Februari 1858, kisha Speke akaenda peke yake na kundi dogo hadi Ziwa Victoria na kurudi akisema amepata chanzo cha Nile, na Burton hakumkubalia. Wakagombana kwa miaka. Septemba 1864 iliandaliwa hadhara wakabiliane mbele ya wasomi huko Bath, na siku moja kabla ya mkutano Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mjadala ule haukufanyika. Burton alikufa mwaka 1890. Nimewaza kwamba ahera ndipo mahali pekee ulipoweza kufanyika, na nimeuitisha.

Najua Philip José Farmer alikwisha kumfufua Burton katika riwaya yake ya 1971, kwenye kingo za mto ambako binadamu wote waliowahi kuishi wameamka siku moja, lakini yule ni Burton shujaa. Mimi namtaka Burton aliyekaa kwenye benchi akisubiri mjadala wake.

Mwenyekiti wa mjadala nimemfanya Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafika India, akarudi, na akawa pamoja nao katika safari ile. Burton mwenyewe ameandika kwamba walipofika juu ya kilima na kuuona mstari unaong'aa chini, aliuliza ni nini kile, na Bombay ndiye aliyemjibu kwamba anaona ni maji. Wakati huo Speke alikuwa na maradhi ya macho, hakuona ila ukungu, na Burton alikuwa hawezi kutembea vizuri kwa ugonjwa. Sasa fikirini: wavumbuzi wawili, mmoja haoni na mwingine hatembei, wanabishana milele mbele ya mtu aliyewaambia kwamba kile kinachong'aa ni maji.

Mwalimu Mstaafu

Hiyo iandike. Kichekesho kimo ndani ya tukio lenyewe, wewe huna kazi ila kutokiharibu. Nakushauri usimfanye Bombay awe mwenye hekima kupindukia, kwa kuwa msomaji atachoka na mzee asiyekosea. Mwache naye awe na majivuno yake, maana baadaye alisafiri na Speke tena, akasafiri na Stanley, akavuka bara zima na Cameron. Mtu wa safari zote hizo hawezi kukosa maneno ya kujisifia.

Wakili wa Marehemu

Naweka pingamizi. Bombay alifuatana na Speke hadi Ziwa Victoria mwaka 1858, kisha akaajiriwa naye tena mwaka 1860. Huyo ni shahidi, tena shahidi wa upande mmoja. Hawezi kuwa mwenyekiti, na Burton akiwa na akili timamu atamkataa kabla kikao hakijafunguliwa.

Mpiga Chapa

Pingamizi limepokelewa, lakini litasikilizwa baada ya jalada la Holmes.

Binti Shaha

Kaka Fundi, nina ombi moja. Safari ile ilikuwa na wapagazi, askari na watu wengi ambao majina yao hayamo kwenye ramani yoyote. Umemtoa Bombay nyuma ukamweka mbele, vyema. Lakini ukimfanya yeye peke yake ndiye asiye Mwingereza katika ukumbi, utakuwa umefanya kama Bangs alivyofanya kwa wanawake. Wajaze ukumbini wapagazi wote, na kila Speke au Burton anaposema «niligundua», waache wahesabu mizigo kwa sauti.

Kibatali

Nami nauliza kama wapagazi hao walishalipwa ujira wao wote, au nao wameletwa ahera wakidai. Kwa sababu kama wanadai, hakuna mjadala wa Nile utakaofanyika siku hiyo.

Nyota ya Jaha

Kibatali, kwa mara ya kwanza katika uzi huu umesema jambo la kuandikwa kitabuni.

Kasuku Mweusi

Kama Wakili amemkataa Bombay, mpeni Stanley uenyekiti. Aliwahi kufika kwenye maziwa yote mawili na hakuwamo katika safari ya 1858.

Bahari Shwari

Stanley hataufungua mkutano kabla ya kutangaza kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua ukumbi.

Fundi wa Visa

Hiyo nimeichukua, Bahari Shwari, asante. Wakili, nitumie pingamizi lako kwa maandishi. Nataka Burton alisome lote, neno kwa neno, naye Speke akatize kila baada ya mstari kuuliza ni nani aliyempa Burton kibali cha kusoma kwanza.